Dola 151 kwa miaka saba: uchambuzi wa kisa cha gari lililoegeshwa vibaya

Mwaka 2007, katika mji wa Ferguson nchini Marekani, mwanamke mmoja aliegesha gari mahali pasiporuhusiwa. Ilikuwa mara moja tu. Aliandikiwa makosa mawili na kutozwa faini ya dola 151, mbali na ada. Mwaka 2014 ulipokuwa unaisha, alikuwa ameshakamatwa mara mbili, amelala mahabusu siku sita na kulipa dola 550. Bado alikuwa anadaiwa dola 541.

Hapa nitamwita mhusika. Habari zake zimo katika ripoti iliyotolewa na Wizara ya Sheria ya Marekani tarehe 4 Machi 2015, na humo hatajwi kwa jina. Nimekichagua kisa hiki kwa sababu ya udogo wake. Hakuna aliyegongwa, hakuna aliyelewa, hakuna aliyekimbia polisi. Ukiondoa gari lile, kila kosa lililofuata lilizaliwa mezani, kati ya karatasi, tarehe na anwani.

Mazingira

Ferguson ni mji mdogo pembezoni mwa St. Louis, jimbo la Missouri, na wakati huo ulikuwa na watu wapatao 21,000. Theluthi mbili ya wakazi wake walikuwa Wamarekani weusi, na mhusika ni mmoja wao. Dunia ililisikia jina la mji huo Agosti 2014, askari alipompiga risasi na kumuua kijana wa miaka 18, Michael Brown, na mitaa ikajaa maandamano. Wachunguzi wa serikali kuu walioingia mwezi uliofuata hawakuishia kwenye bunduki. Walifungua majalada ya mahakama, wakasoma barua pepe za maofisa, wakakaa na wakazi kuwasikiliza. Kisa cha mhusika kilitokea humo, katikati ya maelfu yanayofanana nacho.

Kuna mambo mawili ya kujua kabla ya kuendelea.

La kwanza ni fedha. Mwaka wa fedha wa 2010 faini na ada za mahakama ziliuingizia mji dola milioni 1.38. Bajeti ya mwaka wa fedha wa 2015 ilitarajia milioni 3.09, katika mfuko mkuu wa milioni 13.26. Makadirio yakishaandikwa kwenye bajeti, lazima wapatikane watu wa kuyatimiza. Machi 2010 mkurugenzi wa fedha alimwandikia mkuu wa polisi kwamba uandikaji wa faini usipopanda sana kabla ya mwaka kwisha, itakuwa vigumu kuongeza makusanyo mwaka unaofuata, na kwamba mapato ya kodi ya mauzo yalikuwa yanapungua. Miaka mitatu baadaye meneja wa mji aliarifiwa kuwa mkuu wa polisi ameulizwa kama anaweza kuleta ongezeko la asilimia 10, naye amejibu kwamba watajaribu. Futa neno polisi, na barua hiyo ni ya idara ya mauzo.

La pili ni jinsi ofisi zilivyopangwa. Mahakama ya mji kiutawala ilikuwa chini ya jeshi la polisi. Karani wa mahakama na wasaidizi wake waliripoti kwa mkuu wa polisi, na hakimu alikuwa wa kazi ya muda. Viwango vya faini navyo vilikuwa juu: kosa la kuegesha gari lililotozwa kati ya dola 5 na 100 katika manispaa nyingine, Ferguson lilikuwa dola 102.

Kilichotokea, hatua kwa hatua

Baada ya kuandikiwa makosa yale mawili, mhusika alikuwa na njia mbili: alipe, au afike mahakamani tarehe aliyopangiwa. Wakati huo maisha yake yalikuwa yameyumba. Alikuwa na shida ya fedha, na katika miaka hiyo alipitia vipindi vya kukosa makazi. Tarehe zikampita, na malipo pia.

Kati ya 2007 na 2010 alishtakiwa mara saba kwa kosa la kutofika mahakamani. Jina la kosa hilo linapotosha kidogo. Halikuhusu kutofika peke yake. Aliyepitisha tarehe ya kulipa naye alihesabiwa kuwa hakufika. Kila shtaka lilizaa hati ya kukamatwa, pamoja na faini na ada mpya juu ya deni la awali. Deni la kuegesha likawa limefunikwa na deni la kutofika, kama shina lililomezwa na mzabibu.

Ndipo zikaja siku za mahabusu. Alikamatwa mara mbili, jumla siku sita. Kosa la kuegesha gari lenyewe halikuwa la kumfunga mtu. Aliingia ndani kwa zile hati.

Kuna sehemu ya jalada ambayo mimi huirudia kila ninapofundisha kisa hiki. Mara mbili mhusika alijaribu kulipa kidogo kidogo: mara moja dola 25, mara nyingine dola 50. Mahakama ilizikataa zote mbili na kuzirudisha, kwa kuwa haikupokea pungufu ya deni zima. Malipo mojawapo yalikuja kupokelewa baadaye, na sababu yake ni hii: barua ya mahakama ya kuikataa hawala ya fedha, ile ambayo wengi tunaijua kama mani oda, ilishindwa kumfikia, ikarudi kwa mtumaji. Kwa maneno mengine, fedha yake ilihesabiwa kwa sababu posta ilimkosa.

Baada ya miaka hiyo mahakama ilikubali alipe kwa awamu, naye akawa analipa mfululizo. Desemba 2014, zaidi ya miaka saba tangu gari lisimame pale, hesabu ilisomeka: zimelipwa 550, zimebaki 541.

Maamuzi, na sababu zake

Tuanze na upande wa mhusika. Uamuzi wake mkubwa, kama ni haki kuuita uamuzi, ulikuwa kutofika. Asiyekuwapo na lake halipo, na mahakamani methali hii ni kali kuliko popote. Lakini Ferguson kufika kulikuwa na hatari yake. Wakazi wengi waliamini kwamba ukifika mkono mtupu unaweza kuondoka na pingu, hasa kama tayari una hati. Ukijiuliza mtu asiye na dola 151 afanye nini, kutofika kunaacha kuonekana uzembe. Ni hesabu mbaya ya mtu aliyebakiwa na chaguo mbili mbaya.

Uamuzi wake wa pili ulikuwa sahihi: kupeleka alichonacho. Sisi husema dawa ya deni kulipa, na haba na haba hujaza kibaba. Yeye alizifuata methali zote mbili, na dawa ikarudishwa.

Upande wa mahakama kulikuwa na maamuzi matatu, na kila moja lilikuwa na mantiki yake ukilitazama peke yake. Hapo ndipo ugumu wa kisa ulipo.

Kwanza, kulifanya kosa la kutofika kuwa shtaka linalojitegemea, lenye faini yake. Sababu iliyotolewa katika sheria kama hizi mahali pengi ni kulinda heshima ya mahakama. Matokeo yake ni kwamba deni linajizalisha: usipoweza kulipa unaongezewa cha kulipa.

Pili, kutumia hati ya kukamatwa kama barua ya kumkumbusha mdaiwa. Mwaka 2013 pekee mahakama ile ilitoa hati zaidi ya 9,000, nyingi kwa mambo ya kuegesha, makosa madogo ya barabarani na kanuni za nyumba. Mwisho wa 2014 watu zaidi ya 16,000 walikuwa na hati zilizo wazi, baadhi yao wakiwa wakazi wa miji ya jirani waliopita tu. Kwa ofisi, hati ni karatasi moja na saini. Haihitaji kumtafuta mtu, wala kumuuliza kwa nini hajalipa. Siku moja atasimamishwa barabarani, na mfumo utamkumbuka.

Tatu, kukataa malipo pungufu. Nadhani huu ndio uamuzi wa hovyo kuliko yote, hata kwa ofisi inayotafuta fedha tu na kusahau haki kabisa. Mwenye duka anayedai hawezi kumrudishia mdaiwa noti kwa sababu si deni lote. Lakini mwenye duka hana mahabusu. Anayeweza kumkamata mdaiwa wake hana haraka ya kupokea kidogo.

Matokeo

Kwa mhusika: dola 1,091 ukijumlisha alizolipa na alizokuwa bado anadaiwa, yaani zaidi ya mara saba ya faini ya awali. Siku sita bila uhuru. Na miaka saba ya kuishi huku hati ikiweza kumshika wakati wowote.

Kwa mji, mambo yaliharakishwa na macho ya dunia. Septemba 2014, wiki chache tu baada ya maandamano, baraza la mji lilifuta kosa la kutofika mahakamani, likaondoa baadhi ya ada, na mahakama ikaanzisha orodha maalumu ya kesi za watu wanaoshindwa malipo yao ya mwezi. Tazama tarehe. Utaratibu uliodumu miaka mingi uliondolewa ndani ya mwezi mmoja. Kumbe uliwezekana kuondolewa siku yoyote.

Mwaka 2015 jimbo la Missouri likapitisha sheria iliyoweka ukomo wa dola 300 kwa faini na gharama za kosa dogo la barabarani, ikazuia kumwongezea mtu shtaka la kutofika kwa makosa ya aina hiyo, na kupunguza sehemu ya mapato ambayo mji unaweza kuipata kwa makosa hayo. Kipengele kilichoibana zaidi kaunti ya St. Louis kuliko maeneo mengine kilitenguliwa na mahakama ya juu ya jimbo mwaka 2017.

Uchambuzi: kilichoharibika

Watu wengi wakisikia kisa hiki husema sheria za Marekani ni kali. Jalada linasema vingine. Sheria ya juu ya nchi ilikuwa upande wa mhusika tangu zamani. Mwaka 1971, katika shauri la Tate v. Short, Mahakama ya Juu ya Marekani ilimpa ushindi mkazi mmoja wa Texas aliyekuwa na faini za barabarani za jumla ya dola 425. Hakuwa na fedha, hivyo alitakiwa azimalize kwa kufungwa, dola 5 kwa siku. Mahakama ilisema hukumu ya faini haiwezi kugeuzwa kifungo eti kwa kuwa mtu ni maskini. Mwaka 1983, katika Bearden v. Georgia, ikaongeza kwamba kabla ya kumfunga mtu kwa kutolipa lazima kwanza aulizwe kwa nini hakulipa.

Basi mhusika alifikaje mahabusu? Kwa mlango wa pembeni. Hakuna aliyemfunga kwa kushindwa kulipa. Alikamatwa kwa kutofika. Kosa lilibadilishwa jina, na kwa jina jipya swali la uwezo wake wa kulipa halikupata mahali pa kuulizwa. Ofisi haikuivunja sheria waziwazi. Iliizunguka kwa fomu. Nawashauri wanaosoma majalada ya aina hii waanze kwa kutafuta mahali jina la kosa linapobadilika. Deni likigeuka kuwa utovu wa nidhamu, ujue kuna mtu ameacha kuuliza maswali.

Jambo la pili lililoharibika ni mawasiliano, na mzigo wake uligawanywa upande mmoja tu. Wachunguzi walikuta kwamba mtu aliyeandikiwa kosa Ferguson alipata tabu kujua anadaiwa kiasi gani, alipe wapi, kama ni lazima afike au anaweza kulipa tu, na itakuwaje asipofanya lolote. Karatasi nyingine ziliandikwa tarehe isiyo sahihi. Kwa mtu mwenye anwani moja, simu na nafasi ya kwenda kuuliza dirishani, hayo ni usumbufu. Kwa mtu anayehama kwa kukosa makazi, barua isiyofika ni sawa na amri ya kukamatwa.

Angalia tena ile hawala iliyorudishwa. Barua ya mahakama ilipokosa njia, mahakama haikupoteza kitu. Iliipokea fedha na kazi ikaendelea. Mhusika alipokosa tarehe, aliandikiwa shtaka jipya, mara saba. Kosa la mawasiliano lilitokea pande zote mbili, na upande mmoja tu ndio uliolilipia.

Ofisi kukosea si ajabu, na mara nyingine inachekesha. Mwaka 2007 polisi wa Ireland waligundua kwamba dereva mmoja sugu kutoka Poland, mwenye anwani zaidi ya hamsini na makosa kila kona ya nchi, hakuwapo. Askari walikuwa wakisoma juu ya kadi maneno Prawo Jazdy na kuyaandika kama jina la dereva. Kwa Kipolandi maneno hayo maana yake ni leseni ya udereva. Ofisi iliandika waraka wa ndani, ikajirekebisha, watu wakacheka. Kicheko kiliwezekana kwa sababu gharama ya kosa ilibaki kwa waliolifanya.

Na kuna jambo la tatu, linalokera. Wachunguzi walikuta barua pepe za maofisa wa Ferguson, kuanzia polisi hadi mahakamani, wakiombana kufutiana faini zao wenyewe, za ndugu na za marafiki. Hao hao waliwaambia wachunguzi kwamba tatizo la wakazi ni kukosa uwajibikaji binafsi. Kwa hiyo mlango wa huruma ulikuwapo siku zote. Ulihitaji namba ya simu ya mtu wa ndani, na mhusika hakuwa nayo.

Uchambuzi: kilichosaidia

Kilichomsaidia mhusika ni kidogo, lakini kipo. Malipo yake yaliacha alama. Zile dola 25 na 50 zilizokataliwa zilibaki katika kumbukumbu za mahakama, na miaka baadaye ndizo zilizothibitisha kwa wachunguzi kwamba mtu huyu alijaribu. Bila karatasi hizo angekuwa namba nyingine katika orodha ya wakwepaji. Anayekataliwa malipo na ofisi yoyote ana kila sababu ya kudai kukataliwa huko kuandikwe, na kuitunza karatasi hiyo kuliko risiti.

Kingine ni mpango wa awamu. Mara ulipokubaliwa, alilipa mfululizo. Jambo hili moja linaibomoa hoja nzima ya ukaidi: mtu yule yule, kipato cha mashaka kile kile, utaratibu tofauti, na fedha ikaanza kuingia. Kama mpango huo ungekuwapo 2007, kwa dola 25 kila mwezi faini ya dola 151 ingekwisha katika miezi saba. Ilichukua miaka saba na haikwisha.

Nimeulizwa mara nyingi kama angekuwa na wakili mambo yangekuwa tofauti. Ndiyo, pengine kwa nusu saa ya kazi: ombi la maandishi la kulipa kwa awamu, likiambatana na maelezo ya kipato na anwani ya kupokelea barua, hata iwe ya ndugu au ya kanisa, kabla ya tarehe ya kwanza kupita. Ombi kama hilo lingeweza kukataliwa pia. Ila lingeliweka suala la uwezo wake ndani ya jalada mapema, na baada ya hapo ingekuwa vigumu zaidi kujificha nyuma ya neno kutofika.

Agosti 2015 hakimu mpya wa Ferguson alifuta hati zote za kukamatwa zilizotolewa kabla ya tarehe 31 Desemba 2014. Wenye kesi walipangiwa tarehe upya, na wakapewa nafasi ya kulipa kwa awamu, kufanya kazi za kijamii, au kusamehewa faini kwa wasio na uwezo kabisa. Hati zilifutwa kwa agizo moja. Dola 550 za mhusika zilikuwa zimeshaingia katika hesabu za mji.